Je, wajua kwa nini simu inayopata moto si lazima iwe inakupeleleza?

Jirani yangu mwenye genge alinijia jioni moja na simu kaifunga kwenye ncha ya kanga, kama mtu aliyebeba yai. "Kaka, hii simu inanisikiliza," akaninong'oneza. Alikuwa na sababu tatu: inapata moto hata ikiwa imelala tu mezani, bando la wiki halifiki Alhamisi, na mtalaka wake, waliyeachana miezi minne nyuma, anajua mambo aliyomwandikia dada yake peke yake.

Sababu mbili za kwanza hazina uzito. Ya tatu ndiyo iliyonifanya nivute kiti.

Simu hupata moto kwa mambo mengi yasiyo na ujasusi wowote. Mnara ukiwa mbali, huongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili isikike huko, na betri ndiyo inayolipia. Ndiyo maana simu ileile inayodumu siku nzima mjini huzimika saa tisa mchana ukienda nayo shamba. Betri ikishapiga miaka mitatu huchoka yenyewe. Na bando? Fungua Mipangilio uone kila programu imekula kiasi gani. Mara nyingi utakuta ni video zinazojicheza zenyewe na WhatsApp inayopakua kila picha ya "asubuhi njema" kutoka magrupu kumi na moja.

Halafu kuna ule ujumbe unaosambazwa kila mwaka: bonyeza *#21#, ukiona namba jua unasikilizwa. Si kweli. Msimbo huo huonyesha tu kama simu zinazokuingia zimeelekezwa namba nyingine. Mwenzake, *#62#, ndio unaotia watu presha, kwa sababu huleta namba wasiyoijua, ambayo mara nyingi ni ya kisanduku cha sauti cha mtandao wao wenyewe. Hata hivyo *#21# si ya kupuuzwa kabisa: ikikuonyesha namba ya mtu badala ya kukuambia hakuna kitu, piga ##002# ufute uelekezaji wote.

Watu wengi wakisikia udukuzi, wanafikiria Pegasus, programu ya upelelezi ya kampuni ya NSO Group ya Israeli. Ilijulikana Agosti 2016, pale mtetezi wa haki za binadamu wa Falme za Kiarabu, Ahmed Mansoor, alipotumiwa kiungo kilichoahidi siri za mateso magerezani. Hakukibonyeza. Alikipeleka kwa watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, na Apple ikalazimika kutoa marekebisho ya dharura. Kufikia 2019 hata kubonyeza hakukuhitajika tena: ilitosha kupigiwa kwa WhatsApp, upokee usipokee, na simu zipatazo 1,400 zililengwa hivyo. Mwishoni mwa 2021 ikaripotiwa kuwa simu za wafanyakazi wa serikali ya Marekani waliokuwa Uganda zilikuwa zimeingiliwa. Lakini silaha ya namna hiyo huuzwa kwa serikali, kwa fedha nyingi, na hutumika dhidi ya waandishi, wanasheria, wapinzani na mabalozi. Muuza nyanya anayegombana na mtalaka wake hapigwi kwa bunduki ya tembo.

Yeye hupelelezwa kwa njia rahisi zaidi: mtu kaishika simu yake. Mwaka 2025 Citizen Lab ilizichunguza simu za watengenezaji filamu wa Kenya waliokuwa wamekamatwa, ikasema programu iitwayo FlexiSPY iliwekwa humo wakati simu zikiwa mikononi mwa polisi. FlexiSPY haina uchawi. Huuzwa mtandaoni kwa yeyote mwenye kadi ya benki, nayo huhitaji simu iliyofunguliwa na dakika chache. Kwa hiyo swali la maana si "simu ina moto?" Uliza nani ameishika, na nani anajua namba ya kuifungulia.

Tulianza na WhatsApp, kwa sababu hapo hakuhitajiki hata kununua programu. Vidoti vitatu juu kulia, kisha Vifaa vilivyounganishwa. Kulikuwa na kimoja: Google Chrome, Windows, mara ya mwisho kutumika leo 14:20. Saa nane na dakika ishirini mchana yeye alikuwa gengeni anapanga mafungu, na kompyuta hajawahi kuwa nayo. Mtu alifungua WhatsApp kwenye kompyuta, akaskani ule mraba wa vidoti kwa simu hii, kazi ya nusu dakika, na tangu hapo kila ujumbe unaingia sehemu mbili.

Nikamuuliza akaunti ya Google alifungua nani. "Kijana wa dukani nilikoinunulia." Nywila? "Anayo yeye." Hili wala silishangai tena, nusu ya mtaa wetu wako hivyo. Mwenye nywila hiyo anaweza kuona simu ilipo, majina yote na picha zilizohifadhiwa mtandaoni, bila kuigusa. Nywila ibadilishiwe kwenye kifaa kingine, maana kama simu ina mdudu, yaani programu ya kupeleleza, utakuwa unamwandikia na nywila mpya.

Mdudu mwenyewe hujificha. Kwenye Android hukosa alama yake kati ya programu nyingine, au hujiita jina la kuchosha kama "System Service". Mtafute kwenye orodha ya Ufikivu (Accessibility), ya wasimamizi wa kifaa, na ya programu zinazoruhusiwa kusoma arifa. Play Protect, kinga ya Google dhidi ya programu hatari, ikiwa imezimwa na si wewe uliyeizima, shtuka. Kuanzia Android 12, na iPhone za iOS 14, kidoti huwaka juu ya kioo kamera au maikrofoni ikitumika: kikiwaka wakati hufanyi chochote, kifuatilie.

Vifaa vya nyumbani navyo vina mambo yake. Mwaka 2017 kampuni ya televisheni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 Marekani, baada ya runinga zake milioni 11 kukusanya taarifa za vinavyotazamwa sebuleni bila ridhaa ya wenye nyumba. Kamera ya Wi-Fi bado ina nywila ya kiwandani? Ibadilishe leo.

Jirani tayari alikuwa amenyoosha kidole akiondoe kile kifaa. Nikamzuia. Ukikiondoa, mwenzako anajua umemgundua, na kama ni mtu wa kupiga, usiku huo si wa kukaa peke yako. Tena kuingilia mawasiliano ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, na ushahidi ulikuwa pale pale kwenye kioo. Nikamtajia Dawati la Jinsia la kituo cha polisi.

Akaupiga picha kwa simu ya dada yake. Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza kama tunaweza kuiacha ile kompyuta iendelee kusoma siku mbili zaidi, kwa sababu kuna mambo mawili matatu angependa yule bwana ayasome.