Mtoto mkimbizi aliye peke yake: picha yake isirushwe

Akionekana mtoto mgeni asiye na mtu wake, tuseme pale Mwembe Tayari mabasi yanaposhusha abiria, haipiti nusu saa picha yake ishazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: "Anayemjua mtoto huyu..." Nia ni njema. Lakini kwa mtoto aliyekimbia vita, picha hiyo inaweza kumfikia yule yule anayemkimbia, au watu wa magendo wanaoidai familia yake nauli. Sisi tunaofanya kazi ya ulinzi wa watoto hapa Mombasa tunaomba jambo jingine: piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au mfikishe kwa afisa wa watoto.

Kabla ya hapo apewe maji, chakula na choo. Maswali yatangoja. Wakiwa ndugu wawili, wasitenganishwe hata usiku mmoja. Akijitokeza anayedai ni mjomba, usimfukuze wala usimkabidhi mtoto. Huenda ni mjomba kweli, ila hilo huthibitishwa kwanza, na mtoto huulizwa kando.

Msalaba Mwekundu una huduma ya kutafuta jamaa waliopoteana, ndani na nje ya nchi. Kazi hiyo hutegemea kinywa cha mtoto. Muulize mtoto wa miaka 6 mamake anaitwa nani, atakujibu, "Mama." Basi uliza: majirani wakipiga hodi humwita nani? Ukitoka nyumbani kwenda chuoni kusoma Kurani, unapita wapi? Hapo utasikia habari za kisima, msikiti, duka la fulani. Andika kama alivyosema, hata usipoelewa. Na jina la leo likiwa si la jana, usimwite mwongo. Kuna wanaofundishwa njiani jina la kusema.

Watu wa Pwani wana moyo wa kulea, na Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua kafala kwa Waislamu, yaani kumlea mtoto asiye wako kwa taratibu za Kiislamu. Nami napenda mtoto alale kwenye nyumba ya watu kuliko kwenye makao ya watoto. Ila isifanywe kimyakimya: wazazi huenda wako hai, kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab au Kakuma, nao wanamtafuta.

Na ukiambiwa ofisini, "Huyu si wetu, ni wa UNHCR," yaani shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, usiondoke. Kifungu cha 22 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya imeuridhia, kinampa mtoto mkimbizi aliyekosa jamaa ulinzi ule ule wa mtoto yeyote asiye na familia. Omba taarifa yake iandikwe, nawe upewe nambari ya kumfuatilia.