Mgonjwa "aliyetulia" ndiye anayenitia hofu

Ndugu wa wagonjwa mahututi huniuliza sana: "Daktari, kwa nini msimwongezee dawa alale kabisa?" Wanamwona mtu wao ana mrija kooni, anapapasa shuka, na roho zinawauma. Nawaelewa. Ila usingizi wa dawa si usingizi wa kweli, na ukizidi unamchelewesha kutoka kwenye mashine ya kupumulia.

Mimi naanza na maumivu. Usiku mmoja niliitwa kwa mzee aliyekuwa akipigapiga kitanda. Midazolamu, dawa ya kumlaza mgonjwa, ilikwisha vutwa kwenye sindano. Nesi akafunua shuka: mrija wa mkojo umejikunja chini ya paja. Tuliponyoosha, mkojo ukashuka, naye akatulia. Sindano haikutumika.

Kwenye RASS, kipimo cha mgonjwa alivyo macho au alivyolala, +4 ni anayepigana na -5 ni asiyeshtuka hata akiguswa. Wengi nawataka kati ya 0 na -2: nikimwita, afumbue macho anitazame. Wachache, kama wenye degedege lisilokatika, huhitaji usingizi mzito zaidi wa dawa.

Halafu kuna deliriamu, akili kuvurugika ghafla, ikipanda na kushuka ndani ya siku hiyohiyo. Anayeweweseka na kung'oa mirija kila mtu anamwona. Lakini wengi huwa kimya tu. Mama mmoja faili lake liliandikwa "ametulia" siku tatu mfululizo. Nikamshika mkono, nikamwambia nitataja herufi kumi, abinye kila akisikia A. Akibinya vibaya au akiacha kubinya zaidi ya mara mbili, umakini umepotea. Alibinya A ya kwanza, kisha vidole vikalegea kiganjani mwangu, huku ananitabasamia.

Wenzangu wengi hukimbilia haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Utafiti wa MIND-USA wa mwaka 2018 haukuona ikipunguza siku za deliriamu. Mimi humpa tu anayehatarisha maisha yake. Kwa yule mama tulitafuta kwanza maambukizi na upungufu wa oksijeni, tukaachana na midazolamu, tukatumia kidogo deksimedetomidini, dawa nyingine ya kutuliza. Taa tulizima usiku, tukapunguza kelele za kengele. Mchana tulimkalisha kitini, mrija ukiwa bado kooni.

Binti yake akaniuliza yeye asaidie nini. Nikamwambia alete miwani ya mama, na kila akiingia ajitaje jina, amwambie ni siku gani na yuko wapi. Aliileta jioni ileile, akamvalisha mwenyewe.