Uwiano si darasa: dhana potofu kuhusu msongamano katika shule za msingi za serikali

Kila Januari shule zikifunguliwa, picha za watoto waliobanana sakafuni husambaa kwenye makundi ya wazazi na ubishi huanza upya. Mengi yanayosemwa hapo yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana hayafi. Nimechukua yale yanayorudi kila mwaka kuhusu shule za msingi za Tanzania Bara.

"Uwiano ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi hamsini na kitu, basi darasani wako hamsini na kitu"

Hili naliweka mwanzo kwa sababu ndilo linalowapoteza watu wengi zaidi, wakiwemo viongozi wanaosimama majukwaani.

Kiwango kilichowekwa na serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi, na mmoja kwa watoto 25 katika elimu ya awali. Uwiano halisi hupatikana kwa kuchukua wanafunzi wote, wa shule au wa halmashauri au wa nchi nzima, na kuwagawanya kwa walimu wote. Humo wamo mwalimu mkuu anayeitwa vikaoni kila wiki, aliye likizo ya uzazi na aliye masomoni. Idadi ya watoto darasani ni hesabu nyingine kabisa. Hiyo inategemea vyumba vilivyopo na mikondo, yaani makundi ya darasa moja kama A na B, ambayo shule imeweza kufungua.

Tuseme shule ina wanafunzi 900 na walimu 18. Uwiano ni 1 kwa 50, na kwenye taarifa ya wilaya shule hiyo haitishi. Lakini ina vyumba 9. Kila chumba kina watoto 100, huku nusu ya walimu wakiwa ofisini wakisubiri vipindi vyao, maana hawana pa kufundishia. Sasa igeuze: wanafunzi ni walewale 900, vyumba 20, walimu 9. Watoto wanakaa 45 kwa kila chumba na madawati yanatosha, ila saa yoyote ya siku vyumba 11 havina mwalimu. Mwalimu mkuu ataunganisha mikondo, na watoto watarudi kuwa 90 na zaidi kwenye chumba kimoja. Shule ya kwanza inahitaji vyumba na ya pili inahitaji walimu. Ukizisoma kwa wastani mmoja utaipelekea kila moja kile isichohitaji.

Wastani wa shule nao unaficha kilichomo ndani ya shule. Darasa la kwanza na la pili ndiyo hufurika. Darasa la saba huwa na nafasi zaidi kwa sababu wengine wameshaacha shule njiani, na kwa sababu lina mtihani wa taifa, hivyo hupewa walimu wazoefu na chumba kizuri. Yaani mtoto anayejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, anayehitaji kushikwa mkono kuliko wote, ndiye tunayemtupa kwenye umati. Mpangilio huu unaniumiza, hasa kwa kuwa sehemu yake haihitaji fedha kuubadilisha. Ratiba hupangwa shuleni.

"Msongamano ni shida ya vijijini"

Kijijini kinachokosekana mara nyingi ni mwalimu. Anapangiwa kituo, anafika na kukuta hakuna nyumba, maji wala umeme, na baada ya muda anaomba uhamisho kumfuata mwenza au kutafuta matibabu. Pembezoni mwa Dar es Salaam, kule Mbagala, Chamazi na Chanika, walimu wanapatikana kwa urahisi zaidi. Kinachokosekana ni ardhi. Watu walijenga kabla ya viwanja kupimwa, na leo shule haina pa kuongeza hata choo.

Tofauti kati ya mikoa nazo ni kubwa. Kwa sensa ya 2012 Geita ilikuwa na watu milioni 1.74, na kwa ile ya 2022 wakawa milioni 2.98. Kilimanjaro, katika miaka hiyo kumi, ilitoka milioni 1.64 hadi 1.86 tu. Kilimanjaro ina shule nyingi za zamani zilizoanzishwa na misheni na kuendelezwa na wananchi, huku vijana wake wengi wakihamia kwingine. Geita inapokea wahamiaji wa machimboni na familia changa zenye watoto wengi. Mwalimu wa Rombo, huko Kilimanjaro, na mwalimu wa Geita wana mshahara wa daraja moja na mtaala mmoja, lakini mbele yao wamekaa watoto ambao idadi yao hailingani hata kidogo. Tabora na Katavi nako hali ni ya kubanana.

"Elimu bila malipo ndiyo iliyojaza madarasa"

Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na Januari 2016 uandikishaji wa darasa la kwanza ukaruka. Hilo ni kweli. Lakini madarasa yalikuwa yamejaa kabla ya hapo. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilijipa hadi 1977 kuwaingiza watoto wote shuleni, na walimu wakatafutwa hadi miongoni mwa vijana waliomaliza darasa la saba. Wapo wazee wengi waliofundishwa na "walimu wa UPE", kifupi cha Kiingereza cha mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote. Ada na michango iliporudi miaka ya 1980 na 1990, sehemu ya watoto walioandikishwa ilishuka. Mwaka 2002, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), ada ikafutwa na watoto wakarudi kwa wingi. Watoto hao walikuwepo miaka yote, wakichunga na kuuza karanga. Kuwarudisha huko ili darasa lipumue si jibu ninaloweza kulikubali.

"Sisi tulisoma mia darasani na tukatoka"

Anayesema hivi ni yule aliyetoka. Waliokaa nyuma, wakafika darasa la saba bila kuweza kusoma aya moja, hawapo kwenye mazungumzo hayo.

Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Kwa watoto 120, hata mwalimu asipofundisha chochote, kila mtoto atapata sekunde 15. Akisahihisha daftari moja kwa dakika moja, somo moja tu linamla saa mbili. Ndiyo maana madaftari hurudi nyumbani na alama ya vema moja chini ya ukurasa mzima.

Katika jimbo la Tennessee, Marekani, jaribio lililoanza 1985 liliwagawa watoto kwa kura kati ya madarasa ya 13 hadi 17 na ya 22 hadi 25. Wale wa madarasa madogo walifanya vizuri zaidi kusoma na kuhesabu, na watoto weusi na wa familia maskini ndio walionufaika zaidi. Darasa lililoitwa kubwa kule linalingana na kiwango chetu cha darasa la awali.

"Basi tujenge madarasa, tumemaliza"

Kwa fedha za UVIKO-19 zilizotolewa 2021 yalijengwa madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, yaani vituo vidogo vilivyo chini ya shule mama. Ni kazi kubwa na naiheshimu. Lakini chumba hakifundishi.

Jaribio la magharibi mwa Kenya lililoanza 2005, likiongozwa na wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, liliongeza mwalimu mmoja wa mkataba katika darasa la kwanza. Watoto wakapungua kutoka zaidi ya 80 hadi karibu 45. Waliobaki na mwalimu wao wa serikali hawakuongeza alama kwa kiwango cha maana, kwa sababu baadhi ya walimu hao walipunguza juhudi baada ya kupata msaidizi. Waliofundishwa na mwalimu wa mkataba walipanda. Na pale kamati ya shule ilipopewa mafunzo ya kusimamia, faida iliongezeka.

"Shule ikiingiza zamu mbili tatizo limekwisha"

Chumba kinapumua, ndiyo. Walimu ni walewale, wakifundisha asubuhi na mchana, na vipindi vinafupishwa. Kwenye mkutano wa wazazi, uwiano wa shule usiwatosheleze. Ulizeni mkondo wa mtoto wenu una watoto wangapi kwenye daftari la mahudhurio, shule ina vyumba vingapi vinavyotumika, na jana ni vipindi vingapi vilivyopita bila mwalimu. Mwalimu mkuu ana majibu yote matatu ofisini kwake.