Alamu ya dawa na saa ya bibi

Kwenye kliniki ya presha na kisukari ninapohudumu hapa Lindi, wajukuu huniuliza wamnunulie bibi simu janja gani ili asisahau dawa. Nawajibu waanze na kitochi alichonacho. Anakifahamu, chaji inakaa siku kadhaa, na alamu ipo.

Kazi kubwa ni kuitegesha. Simu huanza kuhesabu usiku wa manane, sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza. Mjukuu akisikia "dawa ya saa mbili usiku" akaandika 02:00, simu italia saa nane za usiku, nyumba nzima imelala. Ilitakiwa 20:00. Naye bibi akiona 07:00 anaweza kudhani ni saa saba, akangoja mchana. Ndiyo maana na wazee huwa sianzi na namba. Baada ya shikamoo namuuliza siku yake inavyokwenda: baada ya Alfajiri anafanya nini, chai anakunywa wakati gani, analala kabla ya Isha au baada yake. Alamu inawekwa jirani na jambo ambalo hajawahi kulisahau, kisha anaizima mwenyewe mbele yangu, tena na tena, mpaka kidole kizoee. Mjukuu asimpokonye simu.

Ramadhani ni habari nyingine. Mtu wa kisukari, hasa anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari), asihamishe alamu kwenda daku na futari kwa uamuzi wake. Aje kliniki kabla mwezi haujaandama, dozi ipangwe upya, maana sukari inaweza kushuka vibaya akiwa amefunga.

Uzee huanza kuondoa usikivu wa sauti nyembamba, kwa hiyo chagueni mlio mzito, na simu ilale juu ya meza, isifunikwe na mto. Wenye simu janja, kuzeni maandishi. Kioo kikigoma, msimseme mzee: vidole vilivyoshika jembe na kubangua korosho miaka mingi vimekauka, na kioo hicho hutegemea umeme mdogo unaopita kwenye ngozi. Kupaka mafuta kidogo husaidia.

Mkipata uwezo wa kununua kitu kimoja zaidi, kiwe kipimo cha presha chenye mkanda wa kufunga juu ya kiwiko. Vile vya kifundo cha mkono hupotosha kirahisi. Mzee akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga chini, mkono usawa wa moyo. Apimwe mara mbili, mkipumzika dakika moja katikati, na vipimo vyote viandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Nyumbani, 135/85 au zaidi ikijirudia siku kadhaa, leteni daftari kliniki. Ikifika 180/120 na kifua kinambana, upande mmoja umelegea au maneno hayatoki sawasawa, msisubiri kurudia kipimo. Tafuteni usafiri, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.