Vinteji ni nini, na kwa nini nguo iliyotulia ndiyo inayosakwa

Vinteji ni nguo, kiatu, mkoba au pambo lililotengenezwa miaka ya nyuma, ambalo bado lina sura ya wakati wake na bado linavalika. Wafanyabiashara wengi wa vitu hivi huanza kuhesabu vinteji kwenye miaka 20. Ikishapita miaka 100, nguo inaingia katika vitu vya kale, na mahali pake huwa makumbusho kuliko harusini. Lakini umri peke yake hautoshi. Fulana ya tangazo la mwaka 2001 ina umri wa kutosha na bado ni fulana kuukuu tu. Mkusanyaji akisema vinteji, anakusudia nguo ambayo ukiishika unajua ni ya nani, au angalau ni ya zama gani, kwa mkato wake, kitambaa chake na ilivyomalizwa kwa ndani.

Hapa Unguja watu wengi huichanganya na mtumba. Mtumba ni njia ambayo nguo imepitia: imevaliwa ng'ambo, ikafungwa kwenye robota, ikavuka bahari, ikamwagwa mezani Darajani au Mwanakwerekwe. Vinteji ni daraja ya nguo yenyewe. Nguo moja inaweza kuwa vyote viwili, na raha ya kuchagua mtumba iko hapo. Katikati ya blauzi za polista za juzi, mara moja moja huchomoza koti la hariri lisilo na ua wala kifungo cha kung'aa, lebo yake imefifia, na muuzaji analitoa kwa bei ya yale mengine kwa sababu halimeremeti.

Koti kama hilo ndilo ninalotaka kulieleza. Katika ulimwengu wa vinteji kuna wakusanyaji wasiotaka kabisa nguo zenye makeke. Wanasaka kazi za wabunifu waliopunguza na kupunguza mpaka kikabaki kitambaa, mkato na mshono. Mtindo huo huitwa minimalizimu. Vijana wa mjini wakiiona nguo ya namna hiyo husema imetulia, na hawakukosea.

Kupunguza huko ni kazi ngumu. Cristóbal Balenciaga, Mhispania aliyekuwa na nyumba yake ya mitindo Paris, alitoa mwaka 1961 koti lenye mshono mmoja tu. Kipande kimoja cha kitambaa kimezungushwa mwili, kikakunjwa, kikashonwa, na humo humo yakapatikana mabega, mikono na mgongo. Mpita njia ataona koti la kawaida. Fundi cherehani ataligeuza ndani nje akitafuta mishono mingine imejificha wapi. Kila mshono katika nguo ni nafasi ya kurekebisha: hapa unapunguza, pale unavuta. Ukiondoa mishono, umeondoa nafasi za kujisahihisha. Mapambo nayo yana siri hiyo hiyo, kwani ua la shanga likikaa begani, nani ataliona bega lililokatwa vibaya? Nguo tupu haina pa kuficha kitu.

Mzanzibari ana jicho la kuhukumu kazi ya aina hii, ila amezoea kulitumia kwenye kofia. Chukua kofia ya viua, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Ukisimama mbali huoni kitu. Isogeze karibu na macho: vitundu vidogo vidogo, kila kimoja kimezungushiwa uzi kwa mkono, vimepangana mpaka nakshi ikajitengeneza bila rangi ya pili. Anayezijua kofia huigeuza kwanza akatazama upande wa ndani, kama uzi umekaa sawa au umerukaruka, ndipo aulize bei. Kwenye kanzu ni vivyo hivyo. Hakuna anayesifu kanzu nyeupe kwa weupe wake. Macho huenda kwenye kitambaa kinavyoanguka kutoka begani na kwenye tarabuzi ya shingoni.

Hata hivyo, historia yetu na nguo isiyo na pambo si nyepesi, na mtu wa visiwani hawezi kuzungumzia minimalizimu bila kuigusa. Karne ya 19, bandari ya Unguja ilipokea shehena za merikani, pamba ngumu isiyotiwa rangi iliyoletwa na wafanyabiashara wa Marekani. Merikani hiyo pamoja na kaniki ndiyo iliyokuwa nguo ya waliotumikishwa utumwani. Mwaka 1897 ilipotoka amri ya kuufuta utumwa hapa, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha merikani wakavaa kanga za rangi na maua, na baadaye wengi wakashika buibui. Rangi ilikuwa tangazo kwamba mtu sasa ni muungwana. Kwa hiyo bibi anapomtazama mjukuu aliyevaa gauni la kijivu lisilo na kitu akamuuliza kama hana mtu wa kumvisha, swali lake limetoka mbali. Uchache wa Paris na New York ni wa mtu mwenye kabati lililojaa, aliyeamua kuacha. Naupenda sana mtindo huu, na kwa sababu naupenda sitaki tuuvae huku tumesahau tofauti hiyo.

Tukirudi kwa wabunifu, Chanel wengi wanamjua kwa gauni lake jeusi la mwaka 1926, basi nimpite. Anayestahili tukae naye kidogo ni Madeleine Vionnet wa Ufaransa, aliyefunga nyumba yake mwaka 1939. Huyu alikata kitambaa mshazari. Chukua kanga, ishike kwa pindo mbili zinazoelekeana, uvute: haiendi popote. Sasa ishike pembe kwa pembe, uvute tena: inanyumbuka. Vionnet aliufanya unyumbufu huo kuwa msingi wa gauni zima, likaufuata mwili bila zipu na bila vifungo. Waigaji walipomzidi, akaweka alama ya kidole gumba chake kwenye lebo. Gauni maarufu la hariri alilovaa Carolyn Bessette alipoolewa na John F. Kennedy mdogo mwaka 1996, kazi ya Narciso Rodriguez, limetoka katika mkato huo huo.

Marekani ya miaka ya 1970 ilikuwa na Halston. Gauni lake la mwaka 1972 lilikuwa shati refu tu, lenye kola na mkanda, la kitambaa cha kutengenezwa kinachofanana na ngozi laini na kinachofulika. Ujerumani ilimtoa Jil Sander, aliyeanzia Hamburg, jiji lile lile alilokwenda kuishi Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Unguja, baada ya kuondoka hapa mwaka 1866. Sander alichukua suti, shati jeupe na koti la sufu, akaondoa kila kilichozidi, fedha zikaenda kwenye kitambaa. Helmut Lang wa Vienna alifanya hivyo kwa ukali zaidi, hasa miaka ya 1990.

Mkusanyaji anatakiwa kujua jambo moja gumu: jina la mbunifu linaweza kubaki kwenye lebo mbunifu akiwa ameshaondoka. Halston aliuza kampuni yake mwaka 1973, na mwaka 1983 jina lake likaingia kwenye nguo za bei nafuu za maduka ya JCPenney. Helmut Lang aliiacha nyumba yake mwaka 2005. Kampuni ya mitindo ya Prada ilinunua hisa nyingi za Jil Sander mwaka 1999, mwenyewe akaondoka mwaka uliofuata, kisha akarudi na kuondoka tena mara mbili. Nguo za kabla na za baada zina jina moja na thamani mbali mbali. Mfano ulio wazi zaidi ni Céline, nyumba ya mitindo ya Paris. Phoebe Philo aliibuni tangu 2008 hadi 2018, na aliyemfuata alikiondoa kile kikwaju kilicho juu ya herufi é. Siku hizi watu huinama kwenye lebo kutafuta alama hiyo moja, ingawa kwa hesabu ya miaka 20 nguo hizo bado hazijawa vinteji.

Lebo ina mengine ya kusema. Ikiandikwa Ujerumani Magharibi, nguo ni ya mwaka 1990 au kabla, kwa sababu nchi hiyo haikuwepo tena baada ya hapo. Alama ya sufu halisi, lile fundo la mistari, ilianza 1964. Zipu ya chuma kwenye gauni mara nyingi inaelekeza kwenye miaka ya 1960 au kabla. Kanga husomwa kwa njia hii pia: yenye jina kwa hati za Kiarabu kwa kawaida ni ya zamani kuliko yenye herufi za Kirumi, na aliyerithi moja kutoka kwa bibi yake ana vinteji ya kweli sandukuni. Lebo ikiwa imekatwa, tazama ndani. Bitana imeshikwa kwa mkono? Kimeachwa kitambaa cha akiba kwenye mishono? Mwenye kuiga hupata shida zaidi hapo kuliko kwenye jina.

Kwa mvaaji wa hapa, mvuto wake ni wa kila siku. Nguo hizi nyingi ni pana, ndefu, za mikono mirefu, hazichongi mwili, na zinakubaliana na stara bila kulazimishwa. Shati jeupe la mwaka 1995 likikatwa vizuri halitangazi mwaka wake. Sufu nzito, hata hivyo, waachieni wenye baridi. Hata kipupwe chetu hakiifikii. Tafuteni kitani, pamba na hariri.

Kuzitunza ndiko kunakotushinda. Masika yanaleta kuvu, na hewa ya chumvi inatafuna zipu za chuma. Mfuko wa plastiki unafunga unyevu ndani, kwa hiyo funga nguo kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa, uitoe ipate hewa kivulini siku za kiangazi. Gauni la mshazari lisitundikwe kwenye henga, litarefuka lenyewe, lilaze ndani ya kasha. Karafuu ni nzuri ikifungwa kitambaani, lakini ikigusana na hariri mafuta yake yanaacha doa. Udi jifukize wewe, au ufukize buibui. Hariri ya miaka 40 ikishanywa moshi ni tabu kuusafisha.

Na ukimpelekea fundi apunguze kiuno, mwambie kabla hajashika mkasi: apinde kwa ndani, asikate. Akiba ya mshono ikibaki, atakayeivaa baada yako anaweza kuifungua na kuirudisha kama ilivyotoka kwa mwenyewe.