Mwaloni haupendi kivuli, unakistahimili

Kila yanapoanza mazungumzo ya miti ya nchi za baridi, hakosekani mtu wa kusema kwamba mwaloni unapenda kivuli. Ushahidi wake ni kwamba msituni huota chini ya miti mikubwa. Hajazua; miche ya mwaloni chini ya miti mikubwa ipo kweli, tena wakati mwingine imejaa. Kosa liko kwenye hilo "unapenda".

Kwanza tuelewane ni mwaloni upi. Si Mwaloni wa Kirumba kule Mwanza, ambako watu huenda kununua samaki na dagaa; jina lile linatokana na mwalo, yaani mahali mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga. Wala si mgrevilea tunaoupanda kwenye kahawa na kwenye mipaka ya mashamba. Huo Waingereza waliuita mwaloni wa hariri kwa sababu mbao zake zina mchoro unaokumbusha mbao za mwaloni, lakini asili yake ni mashariki mwa Australia na hauna undugu wowote na mwaloni. Nazungumzia miti ya jenasi ya Quercus, ile Waingereza wanayoiita oak, hasa Quercus robur na Quercus petraea ya Ulaya, pamoja na mwaloni mweupe wa Marekani, Quercus alba.

Wanamisitu wanaposema mti unastahimili kivuli, wana maana kwamba unaweza kubaki hai mahali penye mwanga mdogo. Basi. Hawajasema utanawiri hapo, wala kwamba ukipewa jua utalikataa.

Jani hutengeneza sukari kwa kutumia mwanga, lakini lenyewe nalo linakula, mchana na usiku. Mwanga ukipungua hufika kiwango ambapo kinachotengenezwa kinalingana na kinacholiwa, na chini ya hapo mti unakula akiba. Mti unaostahimili kivuli vizuri ni ule ambao kiwango chake hicho kiko chini sana. Biichi wa Ulaya (Fagus sylvatica), mti mwingine mkubwa wa misitu ya huko, ni bingwa wa jambo hili. Chini ya msitu wa biichi uliofunga, mwanga unaofika ardhini mara nyingi hauzidi asilimia 5 ya ule wa nje, na watoto wake bado wanasubiri pale. Mwaloni hauwezi hayo. Wanamisitu wanapopanga miti kwa kustahimili kivuli, huuweka katikati au upande wa miti inayohitaji mwanga, na robur unahitaji mwanga zaidi kuliko petraea.

Sasa mbona miche yake inaonekana kivulini? Jibu liko ndani ya mbegu. Mbegu ya mwaloni ni kubwa na imejaa wanga, na inapoota haitoki nje ya udongo kama maharage yanavyojitokeza. Inabaki chini, inashusha mzizi mrefu kwanza, ndipo inapandisha kijiti chenye majani machache. Kwa hiyo mche unaouona mwaka wa kwanza chini ya mti mkubwa haujakuthibitishia chochote kuhusu mwanga. Bado unakula chakula alichoachiwa na mama. Rudi baada ya miaka michache uhesabu waliobaki.

Wapo wanaobaki, na hao ndio wanaowapotosha watu zaidi. Mche wa mwaloni ukikosa mwanga unaweza kufa juu, kisha ukachipua tena kutoka shingoni mwa mzizi; ukafa tena, ukachipua tena. Kijiti cha kufika gotini kinaweza kuwa kimekaa juu ya mzizi wenye umri mkubwa kuliko chenyewe mara nyingi. Mwaloni mweupe wa Marekani umewahi kuandikwa kwamba huweza kukaa chini ya miti mingine zaidi ya miaka 90, ukiwa hai. Mtu akisikia hivyo anasema, unaona, unapenda kivuli! Miaka 90 mti haujawa mti, hilo ni pendo gani? Tunasema mvumilivu hula mbivu, lakini huyu mbivu zake anakula siku jirani mkubwa anapoanguka na jua kuingia. Asipoanguka, hali kitu.

Kuna na jambo la umri, ambalo husahaulika kabisa. Mche mdogo ni majani na mzizi tu, matumizi yake ni madogo. Kadiri unavyokua, shina, matawi na mizizi vinaongezeka, na vyote vinakula bila kutengeneza chochote. Hivyo kiwango kile cha mwanga kilichoutosha ukiwa na mwaka mmoja hakiutoshi ukiwa na miaka kumi. Uvumilivu wa kivuli unashuka mti unapokua. Ndiyo maana swali "mwaloni unahitaji mwanga kiasi gani?" halina jibu mpaka useme una umri gani.

Huko Ulaya kuna kitu kingine kimeongezeka: ukungu mweupe wa majani, Erysiphe alphitoides, ulioanza kuonekana Ufaransa mwaka 1907 na kusambaa barani kwa miaka michache tu. Unapaka jani kama unga, na jani lililopakwa unga halipati hata kile kidogo kinachopenya. Mche uliokuwa unajikongoja kivulini ukipata na ukungu huo, hesabu zake hazikai sawa tena.

Upande wa pili wa kosa hilihili ni huu. Mtu amelea mche wake wa mwaloni chini ya neti au dirishani, kisha siku moja anautoa wote kwenye jua kali la kiangazi. Majani yanababuka, kingo zinakuwa kahawia. Anahitimisha: jua limeukataa. Si hivyo. Jani lililokulia kivulini huwa pana na jembamba, na lililokulia juani huwa dogo, nene, na mara nyingi mikato yake ya pembeni ni mirefu zaidi. Hata kwenye mwaloni mmoja mkubwa ukichuma jani la kileleni na la ndani chini utadhani ni miti miwili. Lililobabuka ni jani la kivuli lililopelekwa kazi isiyo yake. Majani yatakayotoka baadaye, juani, yatakuwa ya juani. Mwenye kitalu chochote anajua kuzoesha miche jua kidogo kidogo kabla ya kuipeleka shambani, na mwaloni nao ni hivyohivyo.

Na kama mtu anataka kwa nguvu zote kusikia kwamba mwaloni una haja na kivuli, basi iko sehemu moja: shina. Katika msitu wa Tronçais, katikati ya Ufaransa, ambao mialoni yake hutoa mbao za mapipa ya mvinyo, wanamisitu huacha biichi na miti mingine ya chini ikue kati ya mialoni. Taji la mwaloni linabaki juu kwenye jua lote, lakini shina linafunikwa. Jua likiligonga shina ghafla, macho ya kuchipulia yaliyolala chini ya gome huamka na kuchipua vitawi, na kila kitawi ni fundo kwenye ubao. Fundo halimfai mtengeneza mapipa. Lakini hicho ni kivuli anachokitaka fundi. Mti wenyewe, ukiuachia nafasi, unatoa matawi mpaka chini.

Basi ukikuta kibandiko kwenye chungu cha mwaloni kimeandikwa "jua au nusu kivuli", kisome taratibu. Nusu kivuli kwa watu wa bustani ni jua la moja kwa moja kwa jumla ya saa tatu hadi sita kwa siku wakati wa kiangazi, si kona ya nyuma ya ukuta. Kibandiko kinakuambia mche hautakufa hapo. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, mpe jua kwa jumla ya saa sita au zaidi kwa siku, umzoeshe kwa wiki moja au mbili, na umwambie aliyekuuzia, kwa upole, kwamba mwaloni unastahimili kivuli ukiwa mdogo.