Radiamu na Radoni: Namna Tunavyopima Maji ya Ardhini Yanayoingia Baharini

Mto una mdomo unaoonekana, na anayetaka kujua unamwaga maji kiasi gani baharini hupima upana, kina na kasi ya mkondo akapata jibu. Maji ya chini ya ardhi hayana mdomo. Huchuruzika kupitia mchanga, nyufa za miamba na mashapo ya sakafu ya bahari, pengine katika kilomita nyingi za pwani kwa wakati mmoja, na kifaa kinachowekwa mahali pamoja huonyesha hali ya mahali hapo tu. Hatua chache pembeni, mtiririko unaweza kuwa mkubwa zaidi mara nyingi au usiwepo kabisa. Ndiyo maana sisi tunaofanya kazi hii hufuata alama ambayo maji yameibeba kutoka ardhini, na alama bora tuliyo nayo ni radiamu, elementi yenye mnururisho wa asili.

Nianze na jambo linalowatia watu hofu: hatumwagi baharini kitu chochote chenye mnururisho. Radiamu hutokana na kuvunjika kwa uraniamu na thoriamu, ambazo kwa asili zimo katika miamba na udongo, na kiasi tunachokipima ni kidogo mno hata kazi kubwa ni kukigundua.

Ubora wa radiamu umo katika tabia yake mbele ya chumvi. Katika maji matamu hung'ang'ania chembe za udongo, lakini maji ya bahari yanapopenya chini ya pwani, ayoni nyingi (chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme) zilizomo humo hushika nafasi yake juu ya chembe hizo, nayo huachia na kuingia majini. Thoriamu, ambayo ndiyo mzazi wake, haiachii hata hapo. Hubaki kwenye mashapo ikizalisha radiamu mpya muda wote. Kwa sababu hiyo maji ya chini ya pwani huwa na radiamu nyingi kuliko bahari iliyo mbele yake, na tofauti hiyo ndiyo tunayoitumia.

Isotopu zake za asili, yaani aina zake zinazotofautiana kwa uzito wa atomu, ziko nne, na kila moja hupungua kwa nusu kwa muda wake: radiamu-224 kwa siku 3.66, radiamu-223 kwa siku 11.4, radiamu-228 kwa miaka 5.75, na radiamu-226 kwa takriban miaka 1,600. Mbili za kwanza hutueleza maji yamekaa muda gani karibu na ufuko kabla ya kuchanganyika na bahari kuu, na mbili za mwisho hutufaa tunapotafuta jumla ya eneo kubwa.

Sampuli moja huweza kuhitaji lita 100 au zaidi. Maji hupitishwa polepole kwenye nyuzi za akriliki zilizopakwa oksidi ya manganizi, ambazo ni nyeusi tii na huchafua vidole, nazo hunasa radiamu na kuyaacha maji yaende zake. Maabarani nyuzi husuuzwa ili kuondoa chumvi, hukamuliwa hadi zibaki na unyevu wa kiasi, kisha heliamu huzungushwa ndani yake ili ichukue gesi ya radoni inayozaliwa radiamu inapovunjika na kuipeleka kwenye kihesabio. Radiamu-224 haisubiri: ukichelewa kuihesabu kwa wiki moja, sehemu kubwa imekwisha kutoweka.

Hesabu inayofuata ni ya mizania. Tunachukua radiamu yote iliyoonekana kwenye ghuba, tunatoa iliyoletwa na mito, iliyopenya kutoka kwenye mashapo yenyewe na iliyotoka bahari kuu, na inayobaki, baada ya kurekebisha kwa ajili ya kuvunjika na kuchanganyika, tunasema imeletwa na maji ya ardhini. Kisha tunaigawanya kwa kiwango cha radiamu kilichomo katika maji hayo ya ardhini. Mgawanyo huo wa mwisho ndio wenye hatari. Visima viwili vya ufuko mmoja vinaweza kutofautiana sana, na kisima chenye radiamu maradufu kitakupa mtiririko nusu. Kwa maoni yangu, siku moja ya ziada ya kuchimba na kupima visima vya ufukoni ina thamani kuliko siku nyingi za kukusanya maji kwa boti.

Radoni-222, ambayo hupungua kwa nusu kwa siku 3.8, husaidia kwa sababu haijali chumvi na huweza kupimwa mfululizo saa baada ya saa, maji yakijaa na kupwa. Upungufu wake ni kwamba ni gesi: upepo ukivuma hupotelea hewani, na kiasi kilichopotea lazima kikadiriwe.

Mwaka 1996 mwanasayansi wa bahari Willard Moore, kwa kutumia radiamu-226, alikadiria kwamba maji ya ardhini yanayoingia baharini katika pwani ya kusini-mashariki ya Marekani yalifikia takriban asilimia 40 ya maji ya mito ya huko. Makadirio ya mwaka 2014 yaliyotumia radiamu-228 yaliikuta jumla ya bahari nyingi za dunia kuwa mara tatu hadi nne ya maji ya mito. Tarakimu hizi husomwa vibaya mara nyingi, kana kwamba ni maji ya kunywa yanayopotea. Sehemu kubwa ni maji ya bahari yenyewe, yaliyosukumwa mchangani na mawimbi na maji kujaa, yakarudi yakiwa yamebadilika. Hata hivyo yana uzito wake, kwa kuwa hurudi na nitrojeni, chuma na kaboni yaliyoyaokota humo, na viumbe wa ghuba hupokea virutubisho hivyo bila kujali kama maji yaliyovibeba yalikuwa matamu au ya chumvi.